Obokano Si Maiti, Acheni Kuilinda Kama Kaburi

Wasee, leo naongea na watu wawili. Wa kwanza ni yule mzee wa komenti. Kila mtu akiposti klipu ya obokano iliyofungwa kitu kipya, yeye anaandika, "Mnaharibu utamaduni." Wa pili ni kijana anayemjibu, "Hiyo kitu ni ya makumbusho bana, wekeni besi ya kompyuta." Nyinyi wawili mnadhani mnapingana. Hapana. Mnasema kitu kimoja: kwamba obokano imemaliza safari na hakuna kitu tena ya kufanya nayo. Mmoja anataka kuizika na heshima, mwingine anataka kuizika bila mazishi. Mimi niko hapa kuwanyima jembe.

Kwa wale hawajui, obokano ni kinubi kikubwa cha Abagusii. Ina nyuzi nane, bakuli la mbao lililochimbwa na kufunikwa ngozi, mikono miwili inayopanda juu, na mti unaolala juu ya hiyo mikono kushikilia nyuzi. Wajaluo wana nyatiti, Wabukusu wana litungu, na Wakuria wana yao kubwa kama yetu. Lakini ukiweka nyatiti kando ya obokano utaelewa mara moja. Nyatiti inaongea. Obokano inanguruma. Kuna wageni walioandika kuihusu wakaiita besi kubwa ya Afrika Mashariki, wakiifananisha na ile fidla ndefu ya okestra inayochezwa mtu akiwa amesimama. Hapo hawakutudanganya.

Sasa, kabla mzee wa komenti hajaanza kuandika, wacha nimpeleke Ujerumani kidogo.

Jamaa aliyevumbua saksafoni alikuwa Mbelgiji, Adolphe Sax. Watu wengi wakisikia saksafoni wanafikiria ile ya harusini, ya kulia-lia wakati wa kukata keki. Lakini saksafoni ya kwanza kuonyeshwa watu ilikuwa besi. Mwaka wa 1842 mtunzi Berlioz aliiandikia kwa gazeti huko Paris, na alichokuwa anasifu ni sauti nzito. Mwaka wa 1846 Sax akapata hataza ya familia nzima, kuanzia zile ndogo hadi zile za chini kabisa.

Shida ni kwamba sauti ya chini ni gharama. Ukitaka kushuka oktavu moja, paipu lazima iwe ndefu mara mbili. Oktavu nyingine, mara mbili tena. Ndiyo maana saksafoni ya kontrabesi ina urefu wa karibu mita 2 na uzito wa kama kilo 20. Hiyo si ala, hiyo ni mtu wa familia. Huwezi kuingia nayo matatu bila kuilipia kiti. Kwa zaidi ya miaka mia moja, hizi saksafoni za chini kabisa zilibaki vitu vya ajabu ambavyo watu wanapiga nazo picha. Na ile ya chini zaidi kwenye karatasi za Sax haikupata kuwa ala ya kuchezeka kweli mpaka karne hii ya 21.

Mwaka wa 1999, fundi mmoja wa Munich, Benedikt Eppelsheim, akatoa kitu alichokiita Tubax. Alichofanya ni rahisi kueleza na ngumu kutengeneza. Alichukua urefu ule ule wa paipu, akaukunja mara nyingi zaidi, na akafanya tundu la ndani kuwa jembamba. Akapata ala inayofika chini kama kontrabesi lakini mwili wake umeshikana, na unaweza kutumia kipuliziwa cha saksafoni ya baritoni, kile ambacho mchezaji tayari anacho kwa mfuko. Kutoka hataza ya Sax mpaka hapo ni miaka 153.

Na unajua watu walisema nini? Exactly kile mzee wa komenti anasema. "Hiyo si saksafoni." Mpaka leo kuna mjadala, kwa sababu tundu lile jembamba linabadilisha rangi ya sauti. Wanaolalamika si wajinga, hoja yao ina msingi. Lakini angalia: fundi hakuomba ruhusa. Hakungoja kamati. Karakana yake iliendelea kutengeneza saksafoni za besi za umbo la zamani kando ya hiyo mpya. Mpya haikuua ya zamani. Ilichofanya ni kuwarudisha wachezaji kwa sauti ambayo walikuwa wameiacha kwa sababu haibebeki.

Sasa rudi Nyanchwa, kwa mlima wetu juu ya tauni ya Kisii, na uniambie obokano imeachwa kwa nini.

Mtakimbilia kusema vijana wamepotoka. Ati TikTok. Ati hatujui Ekegusii. Sawa, hiyo ni sehemu. Lakini mimi nimewahi kuishika hiyo ala, na nawaambia kuna sababu nyingine ambazo hazina uhusiano wowote na maadili. Ni za ufundi. Zina majina, na zina dawa.

Ya kwanza ni kuilinganisha sauti. Nyuzi za obokano zimefungwa kwa kuzungushwa kwenye ule mti wa juu. Ukitaka kupandisha sauti, unazungusha ule mfungo kwa nguvu ya mkono, unasikiliza, unarudia. Mzee aliyefanya hivyo miaka 40 anaifanya akiongea na wageni. Kijana wa mwaka wa kwanza anamaliza nusu saa, na akimaliza uzi wa nane, wa kwanza umelegea.

Ya pili ni ngozi. Sisi tunaishi mahali mvua inanyesha karibu mwaka mzima. Ngozi ikivuta unyevu inalegea, ikilegea sauti inakufa. Ndiyo maana utaona wazee wakiweka ala juani au karibu na moto kabla ya kucheza. Ni tamu kuangalia. Lakini jaribu kuwasha moto nyuma ya jukwaa la ukumbi wa kukodi.

Ya tatu ni ukubwa. Bakuli kama beseni, mikono mirefu, kila kitu kimefungwa moja kwa moja, hakuna cha kukunja. Boda anakuangalia, anaangalia hiyo kitu, anataja bei ya watu watatu.

Ya nne ni sauti ya chini yenyewe. Sauti nzito haisafiri mbele ya gitaa la umeme, kibodi na ngoma. Ukiwa pekee yako chini ya mti, obokano inajaza boma. Ukiwa ndani ya bendi, unaonekana unacheza na hakuna anayekusikia.

Hakuna hata moja kati ya hizi nne ambayo dunia haijaitatua mahali pengine. Tena si kwa siri.

Angalia kora ya Afrika Magharibi, ile ya nyuzi 21. Zamani nyuzi zake zilifungwa kwa pete za ngozi shingoni, na kuzilinganisha ilikuwa vita. Leo mafundi wengi wanaweka vigingi vya gia, vile vile vya gitaa. Unazungusha kidogo, inakaa. Je, kora imekufa? Kora inajaza kumbi za dunia nzima. Kuna zenye pete za ngozi na kuna zenye gia, na mchezaji anachagua.

Uzito wa uzi nao una hesabu yake. Uzi mrefu unatoa sauti ya chini, hiyo kila mtu anajua. Lakini uzi mzito pia unatoa sauti ya chini hata kama ni mfupi. Ndiyo maana Wazungu karne ya 17 walianza kuzungushia waya juu ya uzi wa ndani, na ndiyo maana nyuzi za gitaa la besi ziko vile. Ukiweka nyuzi za namna hiyo kwa obokano, unaweza kupunguza urefu wa mikono na bado ukabaki kule chini. Unaona inavyofanana na Tubax? Fundi wa Munich alikunja paipu. Sisi tunaweza kufupisha uzi. Sauti inabaki, mzigo unapungua.

Utaniambia, lakini bakuli dogo halitoi besi kwa nguvu. Kweli kabisa. Bakuli kubwa ndilo linalosukuma hewa. Hapo ndipo inaingia ile diski ndogo ya kunasa mtetemo, unabandika ndani ya bakuli, unaunganisha na spika. Diski yenyewe ukienda Luthuli Avenue bei yake ni ya chips na soda. Na ukitaka obokano ya kucheza bila umeme, tengeneza ya bakuli kubwa, ile ya babu. Hakuna aliyesema tuchome moja ili tupate nyingine.

Lakini kuna kitu kimoja nakataza, na hapa ninakubaliana na mzee wa komenti asilimia mia. Msiguse ule mngurumo.

Nyuzi za obokano hazitoi sauti safi kama gitaa la dukani. Zinagusagusa, zinavuma, kama nyuki wako ndani. Kuna wataalamu wa studio wakisikia hiyo wanataka kuisafisha, ati ni kelele. Manze, hiyo ndiyo akili yote ya hiyo ala. Sikio la binadamu halisikii vizuri sauti za chini sana. Lakini uzi ukivuma, unatoa pamoja na ile sauti ya msingi sauti nyingine nyingi za juu yake, na ubongo wako ukizisikia hizo unajenga wenyewe ile ya chini. Unasikia besi nzito kuliko ile iliyopo. Wahabeshi wanajua hiyo siri pia: begena yao, kinubi cha nyuzi kumi cha kuimbia Mungu, inawekewa vipande vya ngozi chini ya nyuzi makusudi ili zivume. Wapiga gitaa la roki wamenunua vidude vya bei ghali vya kuharibu sauti ili wapate kitu kama hicho. Babu zetu walikipata kwa mbao na ngozi ya ng'ombe.

Kwa hivyo ukisikiliza obokano kwa spika ya simu halafu unaandika "inasikika kama mkebe", usilaumu obokano. Spika ya simu yako chini ya herzi 200 imeshachoka. Besi kubwa ya okestra uzi wake wa chini kabisa ni kama herzi 41. Simu yako haijawahi kukutolea hiyo sauti hata siku moja, inakuonyesha kivuli. Vaa headphone nzuri kwanza, halafu uje tuongee.

Sasa nimjibu mzee wa komenti kwa heshima, kwa sababu ni mzee. Mzee, hiyo obokano unayoiita ya asili, nyuzi zake ni za nini? Zamani zilikuwa za mishipa ya ng'ombe. Leo nyingi ni nailoni, uzi ule ule wavuvi wanatumia ziwani. Nani alikubadilishia? Hakuna kikao kilichokaa. Fundi fulani aliona nailoni haiozi, haikatiki ovyo, na inapatikana sokoni. Akaweka. Nyinyi mkaendelea kucheza na kulia na kukumbuka wafu wenu, na hakuna aliyesema utamaduni umeharibika. Kwa hivyo mabadiliko hayakuwa shida. Shida imekuwa shida tangu sisi vijana tuanze kuyafanya.

Na Tabaka je? Wachongaji wetu wa mawe ya sabuni hawajawahi kukaa mahali pamoja. Wamechonga bakuli, viboko, sahani za sabuni, ubao wa chesi, mioyo ya Valentine. Hakuna anayesimama Tabaka kuwaambia ubao wa chesi si wa Kigusii. Tunajivunia. Watoto wanasomeshwa na hizo pesa. Kwani mbao imekosea wapi ambapo jiwe halikukosea?

Kuna wengine hawapingi kwa sababu ya utamaduni, wanapinga kwa sababu ya dini. Hapa Nyanchwa tunajua hiyo story vizuri, tumelelewa chini ya misheni ya Waadventista, na wenzetu wa Nyabururu chini ya Wakatoliki. Wamisheni walipokuja mwanzoni mwa karne ya 20, ala za kienyeji ziliwekwa kapu moja na pombe na densi za usiku. Obokano ilikuwa ya harusi na ya pombe, basi ikawa ya shetani. Sitaki kupigana na kanisa, mamangu ataniona. Lakini nawapa historia moja.

Saksafoni nayo iliitwa ya shetani. Mwaka wa 1938, Wanazi walifanya maonyesho Düsseldorf ya muziki waliouita muziki ulioharibika, na picha ya bango lao ilikuwa mtu mweusi anapiga saksafoni. Yaani hiyo ala ndiyo walichagua kuonyesha uozo. Miaka 61 baadaye, nchi hiyo hiyo, fundi anaunda saksafoni mpya na dunia inampigia makofi. Na leo saksafoni inapigwa makanisani Kenya nzima, wakati wa sadaka, watu wakifunga macho. Mbao na shaba hazina dhambi. Ni mtu ndiye anaamua atapigia nini. Begena ya Wahabeshi haifanyi kitu kingine ila kuomba.

Halafu wewe kijana wa besi ya kompyuta. Wewe nakuheshimu kidogo tu. Unasema sauti zote ziko kwa programu, ya nini kubeba mbao. Nakuuliza, hiyo programu yako ina obokano ngapi? Ina piano za kila aina, ina fidla, ina tarumbeta, ina hata ngoma za Wajapani. Sauti haziingii kwa kompyuta zenyewe. Mtu alitengeneza ala, mtu akaicheza, mtu akairekodi. Usipokuwa na ala inayochezeka na mchezaji aliye hai, hutakuwa na cha kurekodi, na utabaki unanunua besi ya watu wa Atlanta kuimbia harusi ya Keroka. Ayub Ogada alichukua nyatiti akaenda nayo mpaka studio za Uingereza, na albamu yake ya mwaka wa 1993 bado inasikizwa. Mjapani, Anyango, alikuja mpaka Siaya kujifunza nyatiti, akaifanya kazi yake ya maisha. Sisi hapa Grandmaster Masese anaimba mashairi na obokano kwa majukwaa. Mmoja. Tunahitaji hamsini.

Na hapa kuna kitu kinanikera binafsi. Kuna mashindano fulani nilishiriki nikiwa shule. Tulibandika maiki ndogo ndani ya bakuli ili ukumbi usikie. Mwamuzi akatukata alama, ati si halisi. Kikundi kilichofuata kilikuwa na obokano ambayo haikusikika hata safu ya tatu, kikapata alama za uhalisi. Yaani tulifundishwa, tukiwa na miaka 16, kwamba utamaduni wa kweli ni ule ambao hausikiki. Wangapi kati yetu walirudi kushika hiyo ala baada ya hapo? Wawili. Tulikuwa kumi na moja.

Hiyo ndiyo hatari yenyewe, si gia wala diski. Mafundi wanaojua kuchimba lile bakuli, wanaojua mti gani haupasuki na ngozi ivutwe kiasi gani, ni wazee. Fundi asiye na mnunuzi hachukui mwanafunzi. Mnunuzi hapatikani kama ala haiingii matatu, haishiki sauti, na haisikiki kwa bendi. Wazee wakienda na hiyo elimu, hata ile ya asili unayoilinda hutakuwa nayo. Utabaki na moja ya ukutani kwa hoteli, kando ya ngao.

Kwa hivyo sitaki hashtag. Nataka vitu vinne.

Walimu wa muziki, hasa sasa shule za sekondari ya juu zina mkondo wa sanaa na michezo, msiwape wanafunzi mradi wa kuchora obokano. Wapeni mradi wa kuitengeneza.

Waamuzi wa mashindano, wekeni vikundi viwili. Kimoja cha obokano ya asili bila umeme, kingine cha obokano iliyoboreshwa. Mpate kulinda na kujenga siku moja.

Mafundi wa chuma na mbao wa Daraja Mbili, nyinyi mnaoweza kutengeneza geti, jiko na mwili wa boda, mikono ya obokano inayofunguka kwa skrubu haiwezi kuwashinda. Vigingi vya gia vinauzwa kwa seti madukani ya ala Nairobi. Mkitengeneza moja, nitakuja kuirekodi bure na kuonyesha watu mnakopatikana.

Na wewe uliye na babu au mjomba anayejua kazi hii, Nyamira, Keroka, Ogembo, popote, nenda umkute kabla ya likizo kuisha. Usiende na simu ya kurekodi pekee. Nenda na panga, umwambie, "Baba, nifundishe kuchimba." Akishakufundisha yake, ndipo umuulize kuhusu hiyo gia. Mimi naamini atakuuliza bei.